Kufufua sari ya zamani ya kufumwa kwa mkono ukiwa hapa Uganda, kutoka kipande kilichochanika mpaka nguo ya kuvaa

Kwanza kabisa, foto haitoshi. Nasema mapema maana kila wiki lazima mtu anitumie foto kwa wasapu, dada huu mchoro wa sari ya nyanya yangu unaweza kuurudisha, mi naangalia naona rangi nzuri na mwanamke mzuri kaivaa, basi, hapo hakuna cha kufumia. Kitenge mchoro wake umepigwa chapa juu ya nguo, lakini nguo iliyofumwa mchoro wake ni hesabu ya nyuzi, na foto ya harusi ya mwaka 1960 huwezi kuihesabu nyuzi. Tafuta nguo yenyewe, hata kipande cha ukubwa wa kiganja, hata kama panya ameshaonja.

Hapa Jinja ukipita Main Street utaona majengo ya Wahindi wa zamani na majina na miaka imechongwa juu pale, unadhani kila nyumba ina sanduku la sari za zamani. Hamna. Mwaka 1972 Amin aliwapa siku 90 waondoke na vitu kidogo tu vya mkononi, waliorudi miaka ya 1990 walikuta nyumba tu, saa zingine hata nyumba yenyewe haina mlango. Kwa hiyo ukisikia mtu ana nguo ya bibi yake usichelewe, na usiende mikono mitupu, beba hata ndizi, kaa, kunywa chai, uliza nani aliivaa, lini, aliifunga vipi. Hayo maswali utayahitaji mbele huko, ntakwambia kwa nini.

Mimi yangu ililetwa na mama mmoja namuita Anti, watu wa Karnataka, jimbo la kusini mwa India, siyo Gujarati kama wengi wa hapa. Akaja karakana na kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, ndani kuna gazeti, ndani ya gazeti kipande cha pamba cha mirabaraba, rangi ya haradali na nyekundu ya matofali, kizito kidogo, laini kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Akasema hii kwetu inaitwa Patteda Anchu. Anchu kwa Kikannada ni pindo.

Sasa hiyo Patteda Anchu ina stori yake. Ni sari ya Karnataka ya kaskazini, upande wa Gajendragad, wanasema asili yake inarudi mpaka karne ya 10, ilikuwa nguo ya pamba ngumu ya kufanyia kazi, na ilihusiana sana na hekalu la Yellamma kule Saundatti na wanawake waliowekwa wakfu kwa yule mungu wao wa kike. Ikapotea karibu kabisa, mpaka mtafiti wa nguo anaitwa Hemalatha Jain akaifuata kijijini akairudisha kitandani kwa wafumi (kitanda cha kufumia, siyo cha kulalia), mradi wake akauita Punarjeevana, yaani kufufua. Na kitu nilichokipenda mimi, ncha zake mbili ziko sawasawa. Sari nyingi zina ncha moja ya kujionyesha, ile inayoning'inia begani, wenyewe Wakannada wanaiita seragu, hii ina seragu huku na huku. Ukichafua upande mmoja unageuza unavaa upande wa pili. Mwenye nguo mbili tu ndani ya nyumba anajua thamani ya hilo.

Kama unachagua cha kuanza nacho, chagua mirabaraba kama hii. Usiniambie unataka kuanza na patola, ile sari ya mji wa Patan. Patola nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za kukingama) zote zinafungwa na kutiwa rangi KABLA ya kufumwa, alafu zikikutana kitandani kila nukta ya rangi lazima ikae juu ya mwenzake, familia za Salvi kule Gujarat wanafanya hiyo kazi kizazi kwa kizazi na bado sari moja inakula miezi minne, sita, na zaidi. Na sari ya Baluchari ya Bengal, ile yenye picha za watu wamepanda farasi na wanavuta shisha, ilikufa kabisa mwanzoni mwa karne iliyopita, mfumi wa mwisho aliyejulikana, Dubraj Das, aliondoka na ujuzi wake, na walipoirudisha miaka ya 1950 kule Bishnupur ilibidi watumie mashine ya jacquard yenye kadi za matundu maana ule mtambo wa zamani wa kamba hakuna aliyekuwa anaujua. Kwa hiyo we anza na mirabaraba ya drafti. Utalia vya kutosha tu.

Haya, kuhesabu. Weka kipande juu ya karatasi nyeupe kama nguo ni ya giza, nyeusi kama ni ya mwanga. Mi niliazima kile kioo cha jichoni cha fundi saa, na sindano ya kushonea. Kwanza jua mtande ni upi na mshindio ni upi: mtande ni nyuzi za urefu zilizotandikwa kwanza, mshindio ni uzi unaopita katikati kwenda na kurudi. Kama kipande kina ukingo wa pembeni ule usiofumuka, mtande unakwenda sambamba nao. Kama hakina, angalia nyuzi zipi zimesokotwa zaidi na zimekaa kwa usawa, mara nyingi huo ndio mtande, maana lazima uvumilie kuvutwa.

Alafu hesabu sentimita moja, sehemu tano tofauti, siyo moja, kwa sababu nguo ya zamani imevutika kwenye mabega na kulegea kwenye magoti. Mimi nilipata kati ya 20 na 23. Ukimaliza hapo hesabu mraba mmoja mmoja rangi kwa rangi, sindano inainua uzi, unasema kwa sauti, mwenzako anaandika. Kwenye mshindio nikapata haradali 25, nyekundu 6. Nikaandika nikaenda kulala. Usiku nikakumbuka, haiwezekani! Uzi wa mshindio ukitoka kulia ukaenda kushoto, ili urudi nyumbani lazima idadi iwe shufwa, ukiwa witiri unabaki umekwama upande wa pili na kila ukibadilisha rangi inabidi ukate. Hakuna mfumi wa kijijini atakata uzi kila baada ya kidole kimoja. Asubuhi nikarudia na kioo, kumbe nyuzi mbili zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama mtu na mumewe, ni 26. 26 na 6, jumla 32. Hiyo ndiyo sari yenyewe, hizo namba mbili, mengine yote ni kazi ya mikono.

Andika kila kitu kwenye karatasi moja: pindo lina nyuzi ngapi, mji, ile sehemu ya katikati, una marudio mangapi (naazima maneno ya kanga hapa, mji na pindo, watu wa kanga mtanielewa), seragu inaanzaje. Kile ambacho kipande hakikuonyeshi ndio unarudi kwa mwenye nguo na yale maswali. Kwangu seragu ilikuwa imeliwa, Anti akampigia mama yake Karnataka, yule mama akaonyesha kwa vidole kwenye video, nyekundu nene, mistari mitatu ya haradali, nyekundu tena. Mashahidi wawili, kipande na mtu aliyeivaa.

Uzi sasa. Inaudhi kidogo hii sehemu, pamba tunalima tangu 1903, ginari, viwanda vya kutoa mbegu, zimejaa historia ya nchi hii, Jinja hapa kiwanda cha nguo cha Nyanza kilijengwa miaka ya 1950, lakini pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa bado haijasokotwa, alafu sisi tunaanza kutafuta uzi mwembamba kama tunatafuta dhahabu. Unataka pamba tupu, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, namba 2/60. Kilo moja yake ni kama kilomita 50 za uzi. Usimwamini muuzaji, choma. Mi niliuziwa kwenye duka moja Kampala "pamba asilimia mia", nimeshatia rangi tayari, nusu imeshika nusu imekataa, kumbe imechanganywa na poliesta. Chukua kipande kidogo weka kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka inakuwa kishanga kigumu cheusi. Dakika moja, dukani hapohapo, acha muuzaji anune.

Hesabu ya kununua naiweka hapa mtu asije akasema nimeficha. Mji una marudio 70 ya nyuzi 32, hiyo 2,240, unaongeza haradali 26 mwishoni ili kulia na kushoto zifanane, mapindo mawili ya nyekundu nyuzi 110 kila moja, jumla 2,486. Kwa nyuzi 20 kila sentimita ni upana wa sentimita 124 kitandani, ukishafua na ikarudi utabaki na kama 115, ndio upana wa sari. Urefu, sari ya mita 5.5 unaitandikia kama 6.1 maana kufuma kunakula na maji yanakula, na usitandike moja, tandika mbili, kwa sababu ya kwanza ni ya kujifunzia na mwisho wa mtande kuna sentimita kama 80 ambazo hazifumiki. Kwa hiyo mita 13. 2,486 mara 13 ni kama mita 32,300, karibu gramu 640. Mshindio ni karibu hivyohivyo. Pamoja na kupotea potea nunua kilo 1.6, yaani haradali 1.1 na nyekundu nusu kilo. Na kabla ya yote hayo pima kitanda chako! Vitanda vingi vya karakana hapa ni vya kufumia mitandio na mikeka ya meza, upana haufiki hata mita, nimeona mtu ametia rangi uzi wote ndio anagundua.

Rangi. Uzi wa pamba una nta yake, uchemshe kwanza na sabuni na magadi saa moja mpaka mbili, kisha uanike. Jaribio lake rahisi, dondosha tone la maji, likizama papo hapo uko tayari, likikaa juu kama tone la maji kwenye jani la yugwa rudisha jikoni. Kama ndio mara yako ya kwanza tumia rangi za dukani zile za maji baridi zinazoshika pamba, chumvi inasukuma rangi iingie kwenye uzi na soda ash inaifunga isitoke, fuata karatasi yake, suuza baridi kisha moto mpaka maji yawe meupe. Anti alitaka rangi za asili. Nikamwambia sawa lakini siyo manjano ya jikoni, manjano inashika vizuri siku ya kwanza alafu jua la Jinja linaila wiki mbili tu. Ukitaka za asili lazima pamba uiandae na harde, ile tunda kavu maduka ya viungo ya Kihindi wanayo, ina ule ukali wa kukausha ulimi, kisha shabu, ndio utie rangi yenyewe. Inachukua siku kadhaa. Sisi tukamaliza na za dukani, mabibi wa zamani wangekuwa hai wangetumia za dukani pia, hiyo ni imani yangu mi.

Jambo moja la rangi ambalo nililipia: tia uzi WOTE wa rangi moja kwenye sufuria moja siku moja. Kwenye sari yangu ya kwanza uzi mwekundu uliisha nimebakiza mita moja na nusu, nikatia rangi mwingine, kipimo kilekile, chumvi ileile, nikafuma usiku na taa, asubuhi jua lilipoingia nikaona mstari kabisa pale nyekundu moja inapoishia nyingine inapoanza, kama shati lililowekwa kiraka. Ile sari bado ninayo. Najifunika nikilala.

Kutandika mtande kunataka watu wawili na siku ambayo hakuna harusi wala kilio. Unazungusha nyuzi kwenye vigingi vya ukutani kwa kufuata karatasi, haradali 26, nyekundu 6, na pale mwisho lazima uzi upishane na mwenzake kama namba nane, huo mpishano ndio unaolinda mpangilio, ufunge na kamba kabla hujatoa chochote kwenye vigingi. Ukiusahau una kilo ya tambi. Kabla ya kuupandisha kitandani upake uji mwepesi wa muhogo au wa mchele, mwembamba sana, ukauke huku umevutwa, la sivyo uzi wa 2/60 utaota manyoya na kukatika kila dakika. Sisimizi wataupenda, weka miguu ya kitanda kwenye vikopo vya maji.

Kisha kila uzi katika zile 2,486 unapita kwenye kitanzi chake na kisha kwenye kitana, lile chanuo la kitanda linalopanga na kubana nyuzi, mbili mbili kwa kila jino kama kitana chako kina meno 10 kwa sentimita. Kufuma kwenyewe ni kule kwa kawaida, juu moja chini moja, fremu mbili, zile zinazobeba vitanzi, zinatosha kwenye karatasi lakini nyuzi zikibanana hivi tumia nne, zinapumua. Siku mbili na nusu tulikaa pale mimi na binti ninayemfundisha, redio ya CBS inaongea, tumekosea mara moja tu na tulikosea mwanzoni kabisa, nyuzi ya 40 hivi, tukagundua kwenye 900. Tukatoa zote. Usijidanganye kwamba kosa moja halitaonekana, kwenye mirabaraba mstari uliokosewa unatembea mita sita nzima unakuangalia.

Kufuma sasa, vijimtumbwi viwili vya mbao vyenye bobini, vya kupitishia mshindio, kimoja haradali kimoja nyekundu. Anza na seragu, kisha 26, 6, 26, 6, ile nyekundu ikipumzika unaipandisha pembeni bila kukata. Sehemu ngumu ni kupiga kitana. Mraba lazima uwe mraba. Kwa upana kitana kimeshakupangia, 32 ni sentimita 1.6, lakini kwa urefu ni mkono wako ndio unaamua, ukipiga kwa upole unapata nyuzi 17 kwa sentimita na mraba wako unakuwa mrefu kama dirisha la kanisa, ukiwa na hasira unakuwa umelala kama tofali. Mi nilikata kadibodi ya boksi la sabuni, urefu sentimita 16, nikaweka alama kila milimita 16, marudio kumi lazima yaingie kamili. Unalegeza mtande kidogo ndio unapima, ukipima ukiwa umevutwa unajidanganya. Mwanzoni pima kila marudio kumi, baada ya mita mbili mkono unashika, utaanza kusikia kwa sauti ya kitana kwamba hii imezidi. Na mtu mmoja afume sari nzima. Yule binti ninayemfundisha alinisaidia jioni moja nikiwa msibani, ana mkono mwepesi, mpaka leo naweza kukuonyesha ile jioni iko wapi kwenye nguo.

Kwa nusu mita kwa siku sari moja nilimaliza siku kumi na mbili, ukiacha Ijumaa. Usiharakishe kukata, fuma zote mbili kwanza, kati yake acha nafasi ya kiganja ya kufunga mashada.

Ikitoka kitandani ni ngumu kama gunia, usiogope ni ule uji. Loweka usiku kucha kwenye maji baridi, fua kwa mkono, anika kivulini imenyooshwa, ikikaribia kukauka ikunje uipige na mti mpana juu ya mkeka. Inabadilika pale pale mikononi. Anti aliipokea akainusa kwanza, kisha akaifunga juu ya nguo zake za nyumbani akageuza ncha, akafunga tena na ncha ya pili, akasema pindo la kushoto limebana kuliko la kulia. Ni kweli, limebana.

Kama unataka kuuza, angalia jina. Patan Patola na Ilkal ni majina yanayolindwa kisheria kule India kwa watu wa sehemu hizo, huwezi kufuma Jinja ukaandika Ilkal kwenye lebo. Mi naandika nimefuma Jinja kwa kufuata mirabaraba ya Patteda Anchu kutoka kipande cha familia fulani, kwa ruhusa yao, na Anti anapata chake kila moja ikiuzwa, tulielewana kabla sijatandika. Wateja wangu wa kwanza, hutaamini, hawakuwa Wahindi, walikuwa akina mama wanaotaka kitambaa cha mshipi wa gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda. Nilicheka lakini gomesi yenyewe jina limetoka kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, kwa hiyo sioni ajabu.

Na zile sentimita 80 za mwisho zilizobaki kwenye mtande, kata upande wa karibu na kitana ambako umefuma kidogo, kiganja kimoja hivi, kishone kwenye ile karatasi ya hesabu pamoja na nyuzi mbili mbili za kila rangi ambazo hazijafumwa, andika tarehe na rangi ulizotumia, weka kwenye bahasha yenye karafuu nondo wasije. Kipande cha Anti nilimrudishia kwenye gazeti lake lilelile.